Uvimbe wa Titi Usiachwe Bila Jibu: Mwongozo wa Kipimo cha Sindano Nyembamba kwa Watumishi wa Afya wa Ihanda na Mkoa wa Songwe

1. Walengwa na lengo

Mwongozo huu ni wa matabibu, wauguzi, wataalamu wa maabara na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaohudumia Kata ya Ihanda, Wilaya ya Mbozi, pamoja na wenzao wa Vwawa, Mlowo na Tunduma. Unahusu mtu anayekuja na uvimbe kwenye titi, na kipimo kinachosaidia kujua uvimbe huo ni kitu gani: kuchota seli kwa sindano nyembamba na kuzisoma kwa darubini. Hospitalini kipimo hiki huitwa kwa kifupi FNAC, au FNA tu.

Si kila msomaji atashika sindano. Kuchota seli ni kazi ya aliyefunzwa na kuruhusiwa, na kusoma slaidi ni kazi ya mtaalamu wa patholojia. Hata hivyo kipimo huanza kuharibika au kufaulu mapema zaidi, pale zahanati, mama anaposema kwa mara ya kwanza kwamba amegusa kitu. Kwa hiyo kila mtumishi ana sehemu yake humu.

Kanuni mbili zinatawala yote yanayofuata. Kwanza, uvimbe wa titi hauachwi bila jibu. Pili, jibu la sindano halisimami peke yake.

2. Kwa nini siku zihesabiwe

Mwaka 2022 watu wapatao milioni 2.3 duniani waligundulika kuwa na saratani ya matiti, na takriban 670,000 walifariki. Kwa wanawake wa Tanzania, saratani hii inaifuata ile ya mlango wa kizazi kwa wingi wa wagonjwa. Wengi wao hufika hospitali ugonjwa ukiwa katika hatua ya tatu au ya nne, wakati ambapo tiba ni ngumu, ndefu na yenye gharama kubwa. Chama cha Madaktari Wanawake Tanzania, MEWATA, kilianza kampeni ya uchunguzi wa matiti mwaka 2005 kwa sababu hiyo hiyo: wanawake walikuwa wanakuja wamechelewa.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilizindua mpango wake wa saratani ya matiti wenye malengo matatu: angalau asilimia 60 ya saratani zinazosambaa zigundulike katika hatua ya kwanza au ya pili, uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni mara ya kwanza, na angalau asilimia 80 ya wagonjwa wakamilishe tiba. Mtumishi wa Ihanda anagusa moja kwa moja lengo la pili.

Siku 60 zinaonekana nyingi, lakini huisha upesi. Wiki mbili zinakwenda kwa dawa za kuua bakteria zilizotolewa bila tarehe ya kurudi. Msimu wa kuvuna kahawa unaingia na mama hana nafasi ya kusafiri. Mfanyabiashara anavuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia, na namba yake ya Tanzania inazimwa. Nauli ya kwenda Mbeya haijapatikana. Slaidi imebaki kwenye droo ikisubiri gari. Karibu kila moja ya siku hizo inaweza kuokolewa na mtumishi aliyepanga kazi yake vizuri.

3. Zahanati: kusikiliza na kupapasa

Mpokee mgonjwa faraghani. Mwanamke mzima apewe heshima yake kama kawaida: salamu kwanza, kisha maswali. Kama mchunguzi ni mwanamume, awepo muuguzi mwanamke.

Uliza na kuandika:

- umri, na saratani ya titi au ya mayai ya kizazi kwa mama, dada au shangazi;
- uvimbe ulionekana lini, na kama unakua;
- kama ni mjamzito, ananyonyesha, au ameacha kunyonyesha karibuni;
- kama chuchu inatoa maji au damu, na kama imeingia ndani siku za karibuni;
- homa, kikohozi cha muda mrefu, kupungua uzito, maumivu ya mifupa;
- dawa anazotumia, hasa za kuyeyusha damu, na dawa za asili alizopaka au kunywa.

Swali hilo la mwisho liulizwe bila lawama. Mgonjwa aliyekaripiwa kwa kwenda kwa mganga wa tiba asili ataficha habari, na huenda asirudi.

Mchunguze akiwa amekaa, mikono kiunoni, kisha juu ya kichwa; baadaye alale chali, mkono wa upande unaochunguzwa ukiwa chini ya kichwa. Papasa matiti yote mawili, makwapa yote mawili na juu ya mitulinga. Andika mahali uvimbe ulipo kwa mfano wa uso wa saa, umbali wake kutoka kwenye chuchu na ukubwa wake kwa sentimita. Kwa mfano: “Titi la kushoto, saa mbili, sentimita 4 kutoka kwenye chuchu, ukubwa sentimita 3.” Maelezo ya namna hiyo humwezesha mtu wa Vwawa au Mbeya kuushika uvimbe uleule ulioushika wewe.

Dalili hizi zinataka rufaa ya haraka: uvimbe mgumu wenye kingo zisizo sawa, uvimbe ulioganda kwenye ngozi au misuli ya kifua, ngozi iliyobonyea au yenye vitundu kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani karibuni, damu kutoka kwenye chuchu, kidonda kisichopona, na tezi ngumu za kwapani.

Uvimbe laini unaoteleza chini ya vidole kwa msichana wa miaka 20 mara nyingi si saratani. Maneno “mara nyingi” hayatoshi kumrudisha nyumbani bila mpango. Huku kwetu Afrika Mashariki saratani ya titi huwapata wanawake wengi kabla ya kufikia miaka 50, na umri mdogo pekee si kinga. Mwanaume naye anaweza kuugua. Uvimbe mgumu chini ya chuchu ya mwanaume uchunguzwe kwa uzito uleule.

Kwa anayenyonyesha, uvimbe wenye joto na maumivu unaweza kuwa jipu. Mtibu, mpe tarehe ya kurudi, na usimwache zaidi ya wiki mbili. Ikiwa wekundu na uvimbe havijaisha baada ya tiba, mpe rufaa, kwa kuwa ipo saratani inayojifanya jipu. Kumbuka pia kifua kikuu cha titi, ambacho huweza kufanana na vyote viwili.

4. Rufaa yenye mguu wa kutembea

Karatasi ya rufaa peke yake haimfikishi mtu popote. Kabla ya kumwandikia, piga simu hospitali unayompeleka, uulize kama kipimo kinafanyika, siku gani, nani anachukua sampuli, slaidi zinasomwa wapi na gharama ni kiasi gani. Mgonjwa wa Ihanda aelekezwe kwanza kwenye hospitali za Vwawa, ambako ndiko makao makuu ya mkoa na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Songwe. Zaidi ya hapo ni Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Asifunge safari kukutana na mlango uliofungwa.

Pale altrasaundi au mamografia inapopatikana, ifanyike kabla ya sindano. Sindano huweza kuacha damu iliyovilia ndani, na picha ya baadaye ikapotosha. Ikiwa sindano imetangulia, picha isubiri takriban wiki mbili, isipokuwa daktari aone vinginevyo.

5. Ridhaa

Mgonjwa aelezwe kwa lugha anayoielewa. Penye Kinyiha au Kinyamwanga, tafuta mtumishi anayekizungumza badala ya kumtumia mtoto wa mgonjwa kama mkalimani. Maneno yanaweza kuwa haya:

“Mama, tutatumia sindano ndogo, nyembamba kuliko ile ya kuchotea damu. Itaingia kwenye uvimbe mara mbili hadi nne. Utasikia maumivu kidogo, na huenda pakavilia damu kwa siku chache. Tunachotoa ni seli tu, titi halikatwi. Jibu likija, nitakueleza mimi mwenyewe au daktari.”

Wengi huogopa kwamba uvimbe “ukichokozwa” utasambaa. Jibu kwa upole na kwa ukweli: kueneza saratani ya titi kwa sindano nyembamba ni jambo adimu mno, ilhali kukaa bila kujua ni hatari ya kila siku. Ridhaa iandikwe kwenye jalada. Akikataa, heshimu uamuzi wake, umpe tarehe ya kuzungumza tena.

6. Vifaa

- sindano za geji 22 hadi 25 (geji 23 hufaa wengi) na bomba la mililita 10;
- slaidi safi zenye ncha ya kuandikia, na penseli;
- chupa yenye alkoholi ya asilimia 95;
- spiriti ya kusafishia ngozi, pamba, plasta na glovu;
- sanduku la usalama la kutupia sindano, likiwa karibu na mkono;
- fomu ya maabara iliyojazwa kabla ya kuanza.

Slaidi ziandikwe jina, namba na upande wa titi kwa penseli, kwa kuwa alkoholi hufuta wino. Ziandikwe kabla ya sindano kuingia. Seli zisizo na jina la mwenyewe hazina thamani, na zikipewa jina la mwingine zinaweza kumkatisha titi asiye na ugonjwa.

7. Kuchukua sampuli

1. Mlaze mgonjwa, utafute uvimbe tena, umwombe aguse alipougusa yeye. Hakikisha mnazungumzia kitu kimoja.
2. Safisha ngozi kwa spiriti, uiache ikauke. Kwa kawaida ganzi haihitajiki.
3. Shika uvimbe imara kati ya vidole viwili vya mkono usio na sindano. Uvimbe unaoteleza hukwepa, na sindano huchota mafuta ya pembeni.
4. Ingiza sindano kwa mshazari, ikifuata ubavu wa kifua badala ya kuelekea mapafu. Kwa mwembamba zingatia hili mara mbili.
5. Sindano ikiwa ndani ya uvimbe, vuta kishikio cha bomba ili kupata mvuto. Peleka sindano mbele na nyuma mara 10 hadi 15, ukibadilisha mwelekeo kidogo, bila kutoka ndani ya uvimbe.
6. Damu au majimaji yakianza kuonekana kwenye shingo ya sindano, simama. Seli zinazotakiwa zimo ndani ya sindano. Hazihitaji kujaa bomba.
7. Achia mvuto kwanza, ndipo utoe sindano. Ukitoa huku unavuta, seli huingia ndani ya bomba na kupotea.
8. Kandamiza mahali pale kwa pamba kwa dakika chache.
9. Rudia sehemu nyingine za uvimbe, mara mbili hadi nne kwa jumla, kila mara kwa sindano mpya.

Kinachofanyika hapa hakitofautiani na bambo linalotoboa gunia la kahawa: linaonyesha punje za pale lilipofika, na pembe ambayo halikuigusa linaiacha gizani. Ndiyo maana uvimbe huchotwa pande zaidi ya moja.

Kama kinachotoka ni maji ya njano au ya kijani na uvimbe ukaisha kabisa, huenda ulikuwa mfuko wa maji; mpe tarehe ya kuangaliwa tena. Maji yenye damu yapelekwe maabara. Uvimbe ukibaki baada ya maji kutoka, uchotwe upya.

Baada ya kipimo mgonjwa apumzike kidogo kabla ya kuondoka, maana wapo wanaozimia. Akipata maumivu makali ya ghafla kifuani au akabanwa pumzi, huenda hewa imeingia kati ya pafu na ubavu. Ni tukio la nadra, lakini ni dharura. Mtumishi akijichoma, aoshe kwa maji na sabuni, atoe taarifa, na aanze dawa za kinga ya VVU mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita.

8. Kutandaza na kuhifadhi

Sampuli nyingi nzuri hufia katika dakika hii moja. Tenganisha sindano na bomba kwa uangalifu, vuta hewa ndani ya bomba, rudisha sindano, kisha sukuma tone dogo katikati ya slaidi, ncha ya sindano ikikaribia kioo. Weka slaidi ya pili juu yake, uache tone lienee, kisha zitenganishe kwa kuzivuta taratibu. Ukibinya kwa nguvu, seli hupasuka na msomaji hataona kitu.

Slaidi moja itumbukizwe kwenye alkoholi ya asilimia 95 papo hapo, ingali na unyevu, ikae angalau dakika 15. Hii ndiyo itakayotiwa rangi ya Papanicolaou. Spiriti ya asilimia 70 ya kusafishia ngozi si mbadala wake. Slaidi ya pili ikaushwe upesi kwa hewa kwa ajili ya rangi ya Giemsa. Mbozi ni nyanda za juu, na siku za mvua hewa huwa na unyevu mwingi. Slaidi inayokauka polepole hupotosha umbo la seli, kwa hiyo ipunge au iweke mbele ya feni. Usiiweke juu ya moto.

Kila slaidi iandikwe imehifadhiwa kwa njia gani. Zisisafirishwe pamoja na chupa ya formalini, kwa kuwa mvuke wake huharibu slaidi zilizokaushwa kwa hewa.

9. Fomu na safari ya slaidi

Msomaji wa slaidi hamwoni mgonjwa. Anamwona kupitia fomu yako. Fomu iliyoandikwa “uvimbe titi” inamwacha gizani. Andika umri, mahali na ukubwa wa uvimbe, muda, ujauzito au unyonyeshaji, matokeo ya picha, na hisia yako baada ya kupapasa. Seli za titi la anayenyonyesha huweza kuonekana za kutisha zikiwa za kawaida kabisa. Msomaji asiyeambiwa anaweza kuziita saratani.

Slaidi zifungwe kwenye kisanduku chake, zikabidhiwe kwa saini, na tarehe ya kutoka na ya kufika ziandikwe. Mtumishi mmoja ateuliwe kwa jina kufuatilia majibu.

10. Kusoma jibu

Mfumo wa kimataifa wa Yokohama, uliochapishwa mwaka 2020, hugawa majibu katika madaraja matano.

Sampuli haitoshi. Hili si jibu la “hana ugonjwa”. Kipimo kirudiwe, na kama mkono au picha vinatia shaka, iende moja kwa moja baiopsi ya sindano nene.

Si saratani. Kama mkono na picha vinakubaliana na jibu hili, mgonjwa apewe maelezo na tarehe ya kuangaliwa baada ya miezi kadhaa. Bado takriban wagonjwa wawili katika 100 wa daraja hili huja kugundulika na saratani, na ndiyo sababu ya tarehe hiyo.

Seli zisizo za kawaida. Takriban 15 katika 100 huwa na saratani. Rudia kipimo, au fanya baiopsi ikiwa kipimo kingine chochote kinatia shaka.

Zinashukiwa kuwa saratani. Zaidi ya wagonjwa 80 katika 100 wanayo. Baiopsi ifanyike bila kuchelewa.

Saratani. Jibu hili huwa sahihi karibu kila mara. Mgonjwa aanze safari ya tiba mara moja.

11. Vipimo vitatu vikubaliane

Mkono, picha na seli ni mashahidi watatu. Wakisema jambo moja, uamuzi una nguvu. Mmoja akipingana na wengine, aaminiwe yule anayetia shaka hadi baiopsi itoe jibu. Uvimbe mgumu ulioganda kwenye ngozi haugeuki kuwa salama kwa sababu slaidi moja imesema “si saratani”. Huenda sindano ilipita pembeni.

Kipimo hiki kina mipaka yake. Hakiwezi kutofautisha saratani iliyobaki ndani ya mirija ya maziwa na iliyokwisha kupenya nje. Mara nyingi pia hakitoshi kupima vipokezi vya homoni na HER2, ambavyo ndivyo vinavyomwongoza daktari kujua nani anufaike na tamoksifeni na nani anahitaji dawa nyingine. Kwa hiyo penye baiopsi ya sindano nene, mgonjwa mwenye jibu la saratani aifanye kabla ya tiba. Nguvu ya sindano nyembamba ni kwamba ni nafuu, huacha jeraha dogo, haihitaji chumba cha upasuaji, na inaweza kutenganisha mapema anayehitaji Mbeya wiki hii na anayeweza kurudi shambani kwa amani.

12. Kutoa jibu na kufuatilia

Jibu ni la mgonjwa. Lisipitishwe kwa mume, jirani au mwenyekiti wa kijiji bila ruhusa yake, na lisitolewe dirishani. Mwite, mkalishe, muulize kama angependa awe na mtu wake. Mweleze kwa maneno ya wazi: “Mama, kipimo kimeonyesha saratani ya titi. Ipo tiba, na leo tunapanga safari yako.” Kisha nyamaza umsikilize. Kabla hajaondoka awe ameshika karatasi yenye jina la hospitali, siku ya kwenda na namba ya kupiga. Tiba ya mionzi inaweza kumfikisha mbali, kama Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Familia ianze mapema kujadili nauli na malazi.

Siku ya kwanza kabisa chukua namba mbili za simu: yake na ya mtu anayemwamini. Kwa anayefanya biashara Tunduma, uliza pia namba anayotumia akiwa Zambia. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii ajue nyumba ilipo, lakini asitaje ugonjwa mbele za watu.

Kila kituo kiwe na rejesta ya uvimbe wa matiti yenye safu hizi: tarehe ya kufika, tarehe ya rufaa, tarehe ya sampuli, tarehe ya jibu, daraja la jibu, tarehe mgonjwa alipoambiwa, na tarehe ya kuanza tiba au ya kuangaliwa tena. Mganga mfawidhi aipitie kila wiki. Penye safu tupu, mtumishi mmoja apewe jina la mgonjwa huyo siku hiyo hiyo na aeleze wiki inayofuata amefikia wapi. Mgonjwa aliyepitisha siku 30 bila jibu apigiwe simu na maabara iulizwe. Aliyepitisha siku 60 aripotiwe kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, ili kilichokwama kiondolewe kabla hakijamkwamisha mwingine.